Siku ya Kukanyaga Chini

Ndugu Mgeni Rasmi,

Kila asubuhi baada ya uji, muuguzi wetu Marsela huweka kiti mwisho wa varanda na kutuambia tukifuate kwa magongo, kwa zamu. Jumatatu iliyopita alikuwa amemshika mkono Mzee Ngoyai, mfugaji wa Engaresero, tarishi alipomletea muuguzi huyo barua ya kumhamishia kituo kingine. Aliisoma, akaikunja, akasema, "Haya, tuendelee." Siku hiyo hatukuendelea vizuri. Hata hivyo, karibu sana Karatu, utufungulie wodi mpya.

TULIKOTOKA

Sisi ni wagonjwa saba tuliovunjika magoti na kufanyiwa upasuaji. Swali letu lilikuwa moja: tutatembea lini? Josephati, mkulima wa Qurus, alijijibu mwenyewe. Wiki ya nne alitoroka kwenda kupalilia mahindi. Alirudishwa kwa trekta, goti limevimba kama boga. Marsela hakumfokea. "Kaka, mfupa haujui msimu wa palizi," alisema, akaanza naye upya.

TULIYOJIFUNZA

Hakuna tarehe moja ya magoti yote. Wapo wa wiki sita, wapo wa kumi na mbili. Daktari hutazama picha kwanza, ndipo mguu uguse chini, kwa uzito mdogo, magongo yakiwa kwapani.

Mzee Ngoyai kusimama kwa mguu mmoja hakukumsumbua. "Malishoni nasimama hivi mpaka ng'ombe washibe," alijivuna. Tabu ilikuja aliporuhusiwa kukanyaga: alikataa kuushusha wa pili.

"Korongo wewe!" Josephati akamtania. "Huo unamwekea nani?"

Marsela alisimama mbele yake, akanyoosha mikono, akamwita kwa jina la mwanawe. "Baba Nareyu, kanyaga. Ukianguka, utaniangukia mimi."

Alikanyaga. Hatua tatu. Wengine tulipiga makofi, wengine tulijifuta macho.

SHIDA NA MAOMBI

Magongo ni jozi tatu, nasi tu saba. Tunaomba nne zaidi. Tunaomba pia mtumishi. Hapo tuliandika "mwenye subira", tukafuta. Tukaandika "mzoefu", tukafuta. Mzee Ngoyai akachoka kutusikiliza.

"Mbona mnazunguka zizi na mlango mnauona? Mwambieni mgeni: Marsela asiondoke. Sita hawa bado hawajakanyaga."

Basi, Ndugu Mgeni Rasmi, hilo ndilo tulilotaka kusema.

Mungu akujalie afya, wewe na nyumba yako.

Ni sisi, wagonjwa wa magoti,
Karatu, 1981.