Daktari Aliyekataa Kutoboa Taya la Mtoto

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkunga. Alianza shule akiwa pekupeku, na mwaka 1977 akahitimu udaktari wa kinywa na meno. Hakubebwa na mtu.

Tarehe 8 Agosti 1981 alimwoa huyu ambaye leo ni mjane wake, wakati huo mwalimu wa jiografia. Siku ya kumposa alimjaza kinywani rojo la kuchukulia umbo la meno, ndipo akamwuliza. "Tikisa kichwa tu, bibie. Ukicheka naanza upya." Alianza upya mara mbili.

Kwa miaka thelathini na mitatu alitibu watoto waliovunjika taya. Mtoto mdogo hakumpasua pasipo lazima. Alimfinyangia kifuniko cha plastiki juu ya meno, akakikaza kwa waya, akaagiza uji na supu kwa wiki tatu, kisha akamfuatilia kwa miaka.

Mwaka 2004 aliletwa binti wa miaka mitano aliyeanguka ngazini. Mkuu wa idara alitaka bamba la chuma na skrubu.

"Uji nao ni tiba? Sema tu unaogopa kisu, mzee."

"Mfupa wake utaunga wenyewe, bosi. Ukitoboa hapa, unatoboa meno ambayo hayajaota."

Marehemu akamfunga binti kifuniko chake, na mkuu huyo akaandika ripoti kwamba alimtelekeza mgonjwa. Marehemu aliondolewa wadini, akawekwa stoo ya mafaili miezi kumi na minne, hadi bodi ya hospitali ilipomrudisha. Ripoti haikufutwa. Binti yake mwenyewe aliulizwa chuoni kama ndiye mtoto wa daktari mwoga.

Alianza kuugua figo Februari 2021, akafariki Alhamisi, tarehe 2 Novemba 2023, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Juzi mkuu yule, sasa mstaafu, alifika msibani, akala, akashiba, akasema, "Marehemu alikuwa kaka yangu kabisa." Akaomba kusema neno leo. Aliambiwa neno linalotakiwa ni moja, tena kwa maandishi: kwamba ripoti ile ilikuwa ya uongo. Hadi ratiba hii inakwenda kuchapwa, hakuwa ameliandika.

Yule binti aliyeanguka ngazini sasa ana miaka ishirini na minne. Kwa idhini yake, eksirei ya taya lake iko ukurasa wa nyuma. Mwenye macho ahesabu meno.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na dada mmoja. Idara imeleta shada lililoandikwa "kutoka kwa familia yake ya pili". Alikuwa na familia moja, nayo imekwisha kutajwa.

Mungu amlaze pema. Jina lake tutalilinda wenyewe.