Siku Serikali ya Marekani Ilipofungwa

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliokaa juu ya matofali, nje ya kibanda cha fundi viatu, pale barabara ya lami inapokata kuingia mtaani. Ikifika saa kumi wenyewe wameshakaa: Fundi na kiatu cha mtu mapajani, Injinia anayetengeneza feni na pasi, na Balozi, karani mstaafu wa posta ambaye hajapanda ndege hata siku moja lakini anajua kila ikulu inawaza nini. Mama Kahawa anawamiminia. Siku hiyo walikuwa wanamsubiri Redio, binti wa mtaa huo huo, mwaka wa pili chuoni. Jina hilo walimpa wao, maana kila akitoka darasani alipita kuwasomea habari za Marekani kwenye simu na kuwafasiria.

Walidhani anasomea siasa. Anasomea maabara. Siasa za Marekani alizifuata kwa sababu moja, na sababu hiyo hakuwahi kuigusa pale benchi.

Alisoma kwa sauti yake ya kila siku: wabunge wa kule wameshindwa kukubaliana bajeti, serikali imefungwa, watumishi wako nyumbani, ofisi kadhaa zimesimama. Akazima simu akaiweka mapajani.

Balozi akadaka.

— Hawajagombana hao. Wameelewana chumbani, ugomvi ni wa sebuleni tu, wa kuwaonyesha wageni.

Injinia hakukubali. Kwa maoni yake serikali ile ilikuwa imepata moto, na kitu kikipata moto unakizima, unakiacha kipoe, unakiwasha tena.

— Basi ndani kuna waya umelegea, Fundi alisema, uzi ukiwa mdomoni. Na wanaujua ni upi.

Balozi akapanda zaidi. Akadai wamefunga ili wahesabu ni idara gani haijaulizwa na mtu, wakifungua waiache nje. Injinia akaapa kwamba hata hao wabunge si wenyewe, ni watu wamekodiwa kukaa vitini. Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye mikono. Halafu Injinia akafuta machozi, akasema kinachomfurahisha ni kwamba duka kubwa vile limefungwa na hakuna mtu aliyeumia.

— Mimi nimeumia, alisema Redio.

Alisema taratibu, lakini kicheko kilikatika. Ikabidi aeleze. Baba yake aliondoka yeye akiwa darasa la nne. Yuko huko, anapanga makasha kwenye ghala, na kesi yake ya makaratasi ya kuishi huko iko mahakamani mwaka wa tisa sasa. Akitoka kabla haijaamuliwa, hataruhusiwa kuingia tena. Wiki hii ndiyo ilikuwa asikilizwe. Asubuhi baba alimwandikia maneno machache: imeahirishwa, hawajasema hadi lini. Ndiyo maana anasoma kila kura na kila hotuba. Bunge la watu wengine likikohoa, yeye huku homa inampanda.

Fundi akatoa uzi mdomoni. Balozi, ambaye kukaa kimya kulimchoma kuliko kahawa, akaanza kumpigia mahesabu: chama hiki kikilegeza hapa, kile kikikaza pale, baada ya uchaguzi huenda mlango ukafunguka.

Kwenye ncha ya benchi alikuwa ameketi mama mmoja mwenye sare ya nesi, mguu mmoja peku, akisubiri kisigino cha kiatu chake kigongwe. Hakuwa mtu wa pale.

— Samahani, mwanangu, alisema. Na yeye mwenyewe, baba, anataka kurudi?

Redio hakuwahi kumuuliza hilo. Miaka tisa alikuwa amewauliza maseneta, majaji na wachambuzi. Kwa baba aliuliza tu kama amekula.

Akapiga simu pale pale, mbele yao. Kule ilikuwa asubuhi, baba yuko kwenye mapumziko, nyuma yake magurudumu yanalia sakafuni. Redio hakusalimia vizuri.

— Baba, unataka kurudi nyumbani?

Baba akasogea mbali na magurudumu.

— Juzi nilikuwa napanga mzigo, nikajaribu kutembea kichwani kutoka kituo cha basi hadi kwetu, alisema. Nikafika kwenye duka la saruji nikapotea. Nimesimama pale siku tatu, mwanangu. Nielekeze.

Redio akawasha spika, akaiweka simu katikati ya benchi ili wote wasikie.

— Duka la saruji lilibomolewa, Fundi alisema akiinamia simu. Sasa ni famasi. Ipite, ushike kushoto.

— Asante, ndugu yangu. Nimeshika kushoto.

Injinia akamwonya kuhusu mtaro ulio wazi. Balozi, kwa heshima zote, akamweleza kwamba mnazi wa kona haupo tena, asiutafute, ahesabu mageti. Mama Kahawa akasema hapo atasikia cherehani, aifuate. Baba aliitikia kila hatua, akiuliza, akirudia, wakati mwingine akicheka, na nesi akasahau kiatu chake.

— Niko kwenye geti la bluu, alisema mwishoni.

— Tulilipaka kijani, Baba, alisema Redio. Ni hilo hilo. Sukuma tu, halifungwi.