Picha ya Ukuta wa Louisville

Kwenye bustani ndogo ya mtaa wetu, upande wa magharibi wa Buffalo, Marekani, kuna benchi la mawe lililoungana na ukuta. Jiwe la pembeni limechongwa herufi W, P, A na mwaka 1938. Kila Jumamosi mchana, waliotoka zamu ya usiku ya ghalani wakishaamka, hukutana hapo, na Mama Esperance huleta chupa ya kahawa. Jules tunamwita Donc, kwa sababu hawezi kuanza sentensi bila neno hilo la Kifaransa, yaani "kwa hiyo". Byamungu tunamwita Meneja, ingawa hajawahi kumsimamia mtu. Gaudiosi, Mrundi aliyekulia kambini Kasulu, tunamwita Fundi, na yeye peke yake ndiye aliyelipata jina lake kwa kazi. Jumamosi iliyopita Fundi alikuwa amechutama kando ya ukuta. Jiwe moja la ukuta lilikuwa limeanguka, naye alikuwa anaukwaruza ufa kwa ukucha.

— Meneja, ni kweli batu ba mji bamekupa kazi ya kutengeneza hii ukuta? — aliuliza Mama Esperance.

— Naanza siku ya Jumatatu. Hapa sasa ni kwangu. Mukikuja kukaa, mupanguse viatu.

— Na Fundi? Si naye aliomba?

— Walitaka picha, — alisema Fundi bila kugeuka. — Picha yangu na kazi niliyoifanya.

— Donc, hauna?

— Nilijenga madarasa sita kambini. Tulilipwa unga na maharage. Kambi ilipofungwa, yakabomolewa yote. Nani alikuwa na simu ya kupiga picha siku zile?

Mama Esperance alimgeukia Meneja.

— Na weye ulijenga nini?

— Miye? Nilienda Louisville, mji ya mbali, mu harusi ya binamu yangu. Kule, mu bustani, kuko ukuta sawa na hii, kama mapacha. Nikasimama mbele yake na suti yangu. Hiyo picha njo nilituma.

— Ulibadanganya!

— Habakuuliza nani alijenga. Baliomba picha ya miye na ukuta. Miye huyu, ukuta ule.

Tulicheka mpaka Mama Esperance akamwaga kahawa. Fundi hakucheka.

— Donc, ule wa Louisville, nani alijenga?

— Ni huyu huyu wa hapa, — alisema Mama Esperance, akigusa zile herufi. — Musome. W, P, A. Wapa. Ni Kiswahili hii!

— Mama, ingekuwa "wape", — nilisema polepole.

— Basi aliyechonga hakumaliza masomo.

— Donc, kwetu ingekuwa "bape". Hapana, ile ni jina ya mutu. William nini-nini. Alimaliza Louisville, akakuja huku na miguu, na nyundo yake mu mukono.

— Mutu moja, mawe yote haya? — alisema Meneja. — Lilikuwa jitu! Muangalie hii benchi vile iko juu. Miguu ya Mama Esperance haifike hata chini.

— Miguu yangu uiache!

Fundi akageuka.

— Hawakuwa majitu. Mwalimu wetu wa Kiingereza alitueleza. Kazi ziliisha nchi nzima, watu wakawa wanapanga foleni ya supu, kama sisi foleni ya mgao. Serikali ikawapa kazi, na hizo W, P, A ni jina la mpango huo. Huyu nyundo, yule brashi ya kuchorea. Nendeni posta ile ya zamani, mtazame ukutani. Kuna mwanamume amechorwa, amebeba jiwe begani. Kila nikienda namwangalia, na roho inaniuma.

— Unamuonea wivu mutu wa kuchorwa? — aliuliza Mama Esperance.

— Ndiyo. Alikula msaada, nami nilikula msaada. Alibeba mawe, nami nilibeba. Yeye wakamchora, na ukuta wake mpaka leo unatafutiwa fundi. Madarasa yangu yamekuwa vumbi. — Akamwonyesha Meneja kwa kidevu. — Halafu anapewa huyu, ambaye ukimtajia mwiko anafikiria ugali.

— Bon, Fundi, hiyo ni roho mubaya, — alisema Meneja.

— Ni mbaya. Sijakataa.

Mwisho wa benchi alikuwa ameketi Delfina, aliyehamia mtaani wiki hiyo kutoka Reynoldsburg, kule Columbus, akitikisa kigari cha mtoto wake. Tangu afike alikuwa ametusalimu tu. Akalitazama lile jiwe pale chini, akamgeukia Meneja.

— Samahani, baba. Jiwe hili ukilirudisha, litashikwa na nini?

Meneja alimtazama Donc, na Donc akayatazama mawingu.

— Saruji... — alisema Meneja. — Si ni saruji? Fundi?

Sote tukamgeukia Fundi. Ukucha wake ulikuwa na unga mweupe uliotoka kwenye ufa, si wa kijivu kama saruji. Aliusugua kati ya vidole viwili, akaunusa, akauonja kwa ncha ya ulimi. Kisha akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. Alijua. Hata Delfina, ambaye hamfahamu, aliona kwamba anajua.

— Kaka yangu, — alisema Meneja, na sauti yake ilikuwa imeshuka. — Jumatatu, saa mbili asubuhi, batakuwa hapa bananiangalia. Uniambie hilo moja tu.

Fundi alipangusa kidole kwenye suruali mpaka weupe ukaisha. Akaichukua chupa, akaitikisa karibu na sikio.

— Mama Esperance, — alisema, — kahawa imekwisha.