Wasifu wa Mama Usiguse, Mpika Bia

Kamati ya mazishi iliniomba niandike kwamba marehemu mama yetu alikuwa "mfanyabiashara". Nimekataa. Mama alipika bia nyumbani kwa miaka ishirini na miwili, na mimi, kifungua mimba wake, sitamvika nguo ya kuazima siku ya kumzika.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa nne wa mwashi na mshonaji. Alisoma hadi darasa la nane. Mwaka wake wa mwisho shuleni, mwalimu wa sayansi aliwachungulisha kwenye hadubini tone la maji kutoka kwenye glasi iliyong'aa. Wenzake walicheka. Yeye alirudi nyumbani akagoma kunywa maji yasiyochemshwa, akachapwa, akagoma tena.

Mwaka 1979 aliajiriwa hospitalini, chumba cha kuchemshia vifaa vya upasuaji, akadumu hadi alipopunguzwa kazini mwaka 2001. Huko ndiko alikojifunza kuwa kuosha ni kazi moja na kuua vijidudu ni kazi nyingine. Mwaka uliofuata alianza kupika bia kwenye stoo yetu, na sheria zote za hospitali akahamia nazo. Koki ya pipa aliifungua vipande vitatu kila mara, akavichemsha. Mchemsho wa kimea ukishapoa na hamira ikatiwa, kifuniko kilifungwa siku kumi na nne, na aliyekisogelea alisikia: "Usiguse!" Mtaa ukambatiza jina hilo kwa dhihaka. Hao hao waliomcheka ndio waliopanga foleni mlangoni siku ya kumi na tano.

Aliolewa na baba yetu, fundi saa, tarehe 6 Desemba 1980. Mwaka 2004 bibi mzaa baba alikuja kututembelea na, kwa nia ya kumfurahisha mkwewe, akalisugua pipa kwa waya wa masufuria mpaka likametameta. Mama alipitisha kidole ndani, akamshukuru, akampikia chai. Kisha akaleta msumeno, akalikata pipa vipande viwili.

"Mwanangu, umeniona mchafu?" bibi aliuliza.

"Hapana, mama. Mikono yako ni safi kuliko yangu. Lakini limepata mikwaruzo, na mdudu akijificha humo simfikii hata kwa maji ya moto. Nikiliacha zima, ipo siku nitashawishika kulitumia."

Bibi hakumsemesha miezi minane. Mama alipanda vitunguu kwenye nusu zote mbili. Mwaka uliofuata bibi alirudi na pipa jipya, na waya ameuacha kwao.

Wapo waliosema bia yake iliumiza watu. Nasema mbele ya jeneza lake: hakuna tumbo hata moja lililouma kwa mkono wa mama yangu. Pipa lililoharibika alilimwaga mtaroni mchana kweupe, nyote mkiona na wengine mkilia. Aliyewahi kuugua asimame sasa. Nasubiri.

Agosti 2023 mama aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Mlionong'ona kuwa ni pombe, mama hakuwa mnywaji. Alionja kijiko kimoja, akatema. Alilazwa Jumatatu tarehe 7 Oktoba 2024. Daktari alipokikaribia kitanda, mama alimwambia, "Daktari, mwanangu, bomba liko nyuma yako." Daktari akarudi akanawa. Mama alifariki Jumatano tarehe 9, saa nne asubuhi, tukiwa tumemshika mikono, na sote tumenawa. Nimeumia kuliko ninavyoweza kusema.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, mama mkwe wa miaka tisini na mmoja, na pipa moja stoo, alilolifunga mwenyewe Ijumaa tarehe 4 Oktoba akiwa ameketi kitini kwa kuishiwa nguvu.

Juzi mwenyekiti wa kamati, yule yule wa "mfanyabiashara", alikutwa stoo na kikombe mkononi, akifungua kifuniko ati amuage marehemu. Kabla sijafungua mdomo, mkongojo wa bibi ulishatua kwenye kiganja chake.

"Usiguse!" bibi alifoka. "Bado siku nane!"

Mama, pumzika kwa amani. Pipa litafunguliwa Ijumaa tarehe 18, na mwenyekiti atanawa kwanza.