Masuke Mawili ya Ulezi: Maisha ya Marehemu Kefa Osea Simbeye, 1912–1954

Tangu alfajiri ya Jumanne kikohozi hakisikiki tena nyumbani kwa Kefa Osea Simbeye. Kwa miaka mitano majirani walikizoea. Wapo waliokisikia wakaamka kwenda shambani, na wapo waliogeukia ukutani na kusema mateke aliyopiga ugani yanamrudia mwenyewe. Sasa pamenyamaza, na hao hao wamekuja na kofia mkononi. Familia inawakaribisha. Inawaomba pia wakae mpaka mwisho, kwa sababu mengi yaliyosemwa juu ya marehemu yalisemwa yeye akiwa kimya, na leo yatajibiwa.

Marehemu alizaliwa hapa Ndalambo mwezi wa Machi 1912, mtoto wa tatu wa mzee Osea Simbeye na mama Ketrina. Wawili waliomtangulia walifariki wakiwa wachanga. Mwaka 1916 baba yake alichukuliwa kubeba mizigo ya vita na hakurudi. Hakuna aliyerudi na habari ya mahali alipoangukia. Mama Ketrina alimchukua mwanawe wakahamia kwa kaka yake, Luka, na huko ndiko Kefa alikojifunza jambo lililompa jina na maadui.

Luka alikuwa stadi wa mchezo wa mateke. Wakubwa wanaufahamu, lakini vijana wengi wanaujua kwa masimulizi tu, kwa hiyo uelezwe. Ulezi ukishapurwa mwezi wa saba, uga ukafagiwa, wanaume wawili walisimama katikati, kila mmoja ameshika suke la ulezi katika kila mkono. Walipigana kwa miguu peke yake. Ambaye suke lake lingeanguka au kuvunjika alikuwa ameshindwa, na uga mzima ulipiga kelele moja: Limeanguka. Ndivyo watu wa Ndalambo walivyouona mchezo huo, siku chache kwa mwaka, wakiwa wameshiba. Wakajiona wanaujua.

Hawakuwahi kuuliza masuke yalikuwa ya nini. Kefa aliuliza akiwa na miaka saba, mjomba wake akamjibu, "Mikono unayo tangu kuzaliwa. Miguu ndiyo sijaiona bado." Masuke yaliwekwa ili mwanafunzi asitapatape kwa mikono kila anapoyumba, mpaka miguu ijifunze kusimama yenyewe. Yalikuwa kifaa cha kufundishia. Watu wakayafanya kuwa mchezo wote, wakatoka pale wakisema mtu wa mateke hana mikono.

Aliingia shule ya misheni mwaka 1921, akasoma miaka mitano, akajua kusoma, kuandika, hesabu za kugawanya na Zaburi nyingi. Jioni alisoma shule ya pili, ndani ya zizi la mbuzi la mjomba wake. Lilikuwa jembamba kiasi kwamba mtu mzima akinyoosha mguu anagusa ukuta. Luka alimfungia humo na kijana mwingine, bila masuke, akawaambia wapigane. Humo Kefa alijifunza goti, ugoko na kisigino, kukanyaga unyayo wa mwenzake kabla hajajipanga, na kuanguka bila kuumia. Alijifunza pia kumkumbatia mtu shingoni ili ashuke naye. Alitoka ananuka mbuzi, na mama Ketrina alimkatalia kuingia jikoni. Baadaye wengi walisema mateke yanahitaji uwanja, na kwamba kwenye nafasi finyu mtu wa mateke ni kuku aliyefungwa. Waliosema hivyo hawakuwahi kuingia zizini kwa Luka. Walipita nje wakaziba pua.

Mwaka 1933 alivuka mpaka kwa miguu pamoja na vijana wengine sita, akaenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Alifanya kazi chini ya ardhi miaka mitano, akitoboa miamba kwa mashine, katika vumbi lisilokuwa na siku ya mapumziko. Hakupigana na mtu huko. Alisema alikuwa amechoka mno. Alirudi Agosti 1938 na baiskeli, mablanketi manne, na kifua ambacho wakati huo kilionekana kizima.

Tarehe 12 Novemba 1938 alifunga ndoa na Yunisi, binti wa familia ya wakulima wa kahawa wa Ihanda. Haikuwa rahisi. Kaka yake Yunisi, Boazi, ambaye leo ni mzee wa kanisa na amekaa mstari wa mbele, aliwaambia wazazi kwamba mtu aliyefundishwa kupiga mateke atampiga mateke na mkewe. Wazazi walisitasita mwezi mzima. Yunisi alimaliza shauri kwa kusema kwamba amekwisha kumwona Kefa akimpisha bata njiani, na kwamba angependa kuolewa na mtu wa namna hiyo. Siku ya harusi ilidhihirika kuwa mwenye miguu iliyosifiwa Ndalambo nzima hakujua kucheza ngoma hata kidogo. Alimkanyaga bibi harusi mara tatu. Yunisi alicheka hadi akakaa chini. Katika miaka kumi na sita ya ndoa yao, hayo ndiyo maumivu pekee ambayo miguu ile ilimpa. Shemeji Boazi anaweza kumuuliza dada yake, maana mpaka leo hajamuuliza.

Marehemu alilima mahindi na ulezi, akafuga mbuzi, na kila Julai aliwafundisha vijana ugani, kama Luka kabla yake. Mambo yalikwenda hivyo mpaka mwaka 1946, aliporudi Danieli, mwenyeji wa hapa, kutoka vita vya Burma. Danieli alirudi na koti la jeshi na ujuzi wa ngumi, na alikuwa na nguvu kweli, hilo halikataliwi. Akiwa kilabuni alipenda kueleza kwamba mateke ni mchezo wa kupendeza wanawake. Ukimshika mguu mmoja, alisema, umebaki na nusu ya mtu. Watu walicheka, wakairudia kauli hiyo. Boazi akaichukua kutoka kilabuni, mahali ambapo mzee wa kanisa hakutakiwa kuwa ameisikia, akaipeleka kwenye baraza la wazee wa kanisa: ikiwa mchezo wenyewe haumlindi mtu, basi ni majivuno matupu na uondolewe ugani. Baraza likalipeleka shauri kwa Jumbe, mkuu wa kijiji. Jumbe akaamua wawili hao wakutane. Kefa akiangushwa, mchezo ukome.

Walikutana Jumamosi tarehe 19 Julai 1947, na karibu nusu ya walioko hapa leo walikuwepo. Danieli aliingia mikono mitupu, kwa kuwa mchezo haukuwa wake. Kefa aliingia na masuke mawili, kwa kuwa tangu utoto hakuwahi kuingia uga ule bila masuke. Hakuna aliyemwambia ayaache, na yeye hakufikiri kuuliza. Hilo lilikuwa kosa lake, na familia inalikiri.

Alimpiga Danieli mapajani mara mbili. Mara ya tatu Danieli aliudaka mguu, akaukumbatia ubavuni, na uga mzima ukapumua kwa furaha, kwa sababu watu walikuwa wanaona kile walichokwisha kukiamini. Kefa hakuuvuta mguu. Aliuegemea. Aliruka kwa mguu uliobaki akamsogelea Danieli mpaka vifua vikagusana, akafungua viganja, akamshika shingo kwa mikono yote miwili, akashuka naye. Vumbi lilipotulia Danieli alikuwa chali. Ugoko wa Kefa ulikuwa umelala juu ya kifua chake, na mguu ule ulioshikwa ulikuwa huru. Kefa hakumpiga. Alimtazama Jumbe, akangoja.

Uga ukapiga kelele, "Limeanguka."

Masuke yalikuwa chini, yote mawili. Jumbe alitazama masuke, akatazama watu, akakata shauri kwa sheria ya uga. Danieli akainuliwa, akakung'utwa vumbi mgongoni, akabebwa mabegani na watu mpaka kilabuni. Kefa aliyaokota masuke, akayaweka juu ya lundo la ulezi ili yasipotee bure, akaenda nyumbani.

Tangu siku ile watu wa hapa walisema mambo mawili kwa mdomo mmoja: kwamba mateke hayana mikono, na kwamba Kefa alishindwa kwa kutumia mikono. Hakuna aliyeona aibu. Watoto wake waliimbiwa shuleni wimbo wa nusu ya mtu. Wanafunzi kumi na saba wakabaki wawili, wawili wapya wakaja kwa siri, na hao wanne aliwafundisha kwenye zizi lake mwenyewe. Yunisi alimwuliza kwa nini haendi kwa Jumbe kujieleza. Alimjibu kwamba waliokuwepo wana macho. Ni jibu la mtu mwenye heshima kuliko majirani zake, na lilimgharimu. Miaka yote iliyofuata alipita nyuma ya soko, asipite mbele ya kilabu.

Kikohozi kilianza mwaka 1949. Hospitali ya serikali ilipiga picha ya kifua, na daktari akamwambia mapafu yamejaa vumbi la mawe na hayatasafishika. Lisikike vizuri: vumbi la mawe. Halikuwa teke wala laana ya mjomba Luka, na hakuna mahali mchezo ule unapofungua kifua cha mtu, kama mmoja wenu alivyomweleza mjane jana akiwa ameshika bakuli la ugali wa mjane. Alipokosa pumzi ya kusimama alifundisha akiwa ameketi kwenye kigoda, akiwagusa wanafunzi magoti kwa fimbo. Wapo waliosema mateke ni mali ya ujana na humwacha mtu mikono mitupu akizeeka. Alikuwa na miaka arobaini na mbili, anapumua kama mvukuto uliotoboka, na hakuna hata mmoja wa wale wanne aliyeweza kuikwepa fimbo yake.

Mwezi uliopita Danieli alikuja kumwona. Alikaa kwenye kigoda kile, akazungumza kwanza habari za mvua na mbuzi. Yunisi alikuwa mlangoni anapepeta unga, akasikia yote.

"Mzee Kefa," Danieli alisema, "siku ile nilikuwa chini. Ungetaka ungeniua. Nilijua."

"Nilijua kwamba unajua."

"Sikusema."

"Kwa nini?"

"Walikuwa wamenibeba."

Kefa alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na Danieli akamwegemeza kifuani kwake hadi kilipotulia. Kabla ya kuondoka aliahidi kwamba siku ya maziko atasimama mwenyewe aseme. Leo ametuma madebe mawili ya mahindi na salamu kwamba amepata safari ya ng'ambo ya mpaka. Mahindi tumeyapokea.

Wiki hiyo hiyo Boazi naye alikuja, akiwa na ujumbe wa wazee wa kanisa. Marehemu alibatizwa na kuoa kanisani, na sadaka zake hazikukatika, kwa hiyo nafasi yake kwenye makaburi ya kanisa ilikuwepo. Lakini kwa sharti moja: wasifu utakaosomwa usiutaje mchezo, wala siku ile ya ugani, ili watu wazikane kwa amani. Kefa alisikiliza hadi mwisho.

"Shemeji," alisema, "mkiyatoa hayo mtabaki mnamzika nani?"

Boazi alisema hayo si maneno ya mgonjwa. Akamwomba afikiri habari ya Yunisi, atakayekaa na watu hawa baada yake. Hilo lilimgusa Kefa. Alimwita mkewe, akamwambia uamuzi ni wake yeye atakayebaki, wala hatamlaumu akichagua kaburi la kanisa. Yunisi alifuta unga mikononi.

"Andikeni yote," alisema. "Na kaka, chai yako inapoa."

Marehemu alifariki Jumanne tarehe 7 Septemba 1954, kabla ya jua kuchomoza, akiwa ameketi, kwa kuwa kulala kulikuwa kumemshinda tangu Juni. Yunisi alikuwa nyuma yake amemshikilia. Asubuhi wazee wa kanisa waliuliza mara ya mwisho kama maandishi haya yamebadilishwa. Walijibiwa la, wakaondoka. Baadhi yao wamerudi kama majirani, na kwa hilo wanashukuriwa.

Ameacha mjane, Yunisi. Ameacha watoto watatu: Aida, Hezron na Fides. Ameacha mama yake, Ketrina, ambaye sasa amezika watoto watatu. Ameacha wanafunzi wanne: Lusubilo, Mbonile, Ikupa na Sekela. Wawili wa mwisho ni wasichana, jambo ambalo wengi wenu mnalisikia sasa hivi. Mnaokusudia kuwaambia kwamba mtu wa mateke akishikwa mguu amekwisha, nyumba zao mnazijua.

Mungu ampe pumzi aliyoikosa, na ampumzishe mahali pasipo vumbi.

Kefa Osea Simbeye amezikwa leo, Alhamisi tarehe 9 Septemba 1954, katika shamba lake la mahindi hapa Ndalambo, hatua arobaini kutoka barabara iendayo Tunduma.