Jicho Lavuja, Mtoto Ataka Kunyonya

Kijiwe cha Kiponda kiko Mtongwe, ubao juu ya matofali nyuma ya duka la simiti, na mchana ule Salha hakukusudia kukaa pale, alikuwa akitoka hospitali na mwanawe kifuani, macho yametiwa matone hadi jua likawa linamchoma kama sindano, njia haioni, ndipo Kiponda muuza kahawa, ami yake, akamshika mkono akamketisha. Ngozi ya Salha ilikuwa ya manjano. Walikuwa wamemdunga rangi mkononi, rangi ikapanda na damu hadi jichoni, wakampiga picha moja baada ya nyingine waone mshipa upi unavuja. Sukari, walisema. Mengine hakuyasikia, hofu ilimziba masikio.

— Mwanangu, mbona umekuwa kama wali wa biriani? aliuliza Faki, aitwaye Nahodha ingawa kazi yake ni cherehani.

— Ni rangi ya picha, ami. Jicho lavuja kwa ndani.

— Linavuja? Gershom, fundi wa mabomba kutoka bara, waliyemwita Injinia, akaweka kikombe chini. Wasee, hiyo ni kazi yangu! Tangi likivuja natia rangi, kesho naona ukuta gani umelowa. Sasa wafunge valvu tu. Asinywe maji.

— Jicho si tangi, we! alisema Kiponda.

— Machozi hutoka wapi basi?

— Hayo ni ya nje, alisema Nahodha. Ya ndani hushuka kooni. Mwaka jana nilikohoa mwezi mzima, kumbe ni jicho. Haba na haba hujaza kibaba.

— Damu ni nzito kuliko maji, alikata Kiponda. Haivuji. Kamera yao ndiyo inayovuja, wamsingizia mtoto wa watu.

— Buda, kamera haina maji!

— Yangu ilianguka karoni. Ilikuwa nayo.

— Nimesikia mashine ile huona hata mtu wa mwisho uliyemtazama, alisema Injinia.

— Wallahi ndiyo maana siendi, alisema Nahodha. Mke wangu atazitaka hizo picha.

Wakacheka, hata Salha akacheka kidogo. Mtoto akaanza kutafuta titi, akisukuma kanga kwa pua, kisha akalia. Salha akaifunua kanga, akaifunika, akaifunua tena.

— Nauliza, alisema, maneno yakimtoka mbio. Rangi imeingia kwenye damu, imeingia kwenye ngozi, mkojo wenyewe umetoka manjano unang'aa, je maziwa? Nimnyonyeshe ama nisimnyonyeshe? Kule waliniuliza mengi, mimi nikawa naitikia ndiyo, ndiyo, naangalia sindano tu.

Injinia akatazama kikombe chake. Nahodha akavuta uzi kwenye mkono wa shati. Kiponda akatikisa birika, akaliweka.

Mtoto alizidi kulia. Salha akatoa simu, tarakimu zikamtapakaa machoni. Injinia akamsomea namba ya kliniki nyuma ya kadi yake ya hospitali, akambonyezea, akaweka spika. Muuguzi aliyepokea akamsikiliza Salha mpaka mwisho.

— Usimpe kwanza, mama. Usikate simu, nimuulize daktari.

Wakangoja.

— Kwani naye hajui? Nahodha alinong'ona.

— Hajui, alisema Kiponda. Ndiyo maana akaenda kuuliza.

Salha akampa mtoto pindo la kanga anyonye, akainamia simu.