Adero Ojwang na Jicho Lililopaswa Kufunikwa

Wazee wetu shikamooni, nanyi mliotoka hapa Bomani na mliovuka mpaka pale Sirari kuja kutushika mkono, haya ninayosoma mimi Omondi, baba mdogo wa marehemu, ni maneno ya mama yangu Zilpa, ambaye Adero alimwita Dani, yaani bibi kwa Kijaluo, naye hakusoma shule, hivyo alisema nami nikaandika, na amenikataza kupunguza hata neno moja.

Adero Ojwang alizaliwa tarehe 14 Machi 1994 kijijini Nyakunguru, ambako baba yake, kaka yangu Ojwang, alichimba dhahabu, mama yake akafariki kabla hajamwachisha ziwa, na Dani akamchukua akiwa na miezi saba, akamlea hapa Bomani kwa maziwa ya jirani na makelele yake mwenyewe.

Alipofika miaka minne jicho la kushoto lilianza kwenda upande, watoto wenzake wakamwita Mtazama Kenya, naye akawajibu kwamba wao basi wanaona nchi moja tu. Mei 1998 Dani alimpeleka kwa Dakta Kornelio wa macho, ambaye alimpima kwa upole, akatoa vibandiko, akaagiza kila siku lifunikwe jicho la kulia, lile zima, ili la kushoto lilazimike kufanya kazi. Dani aliitikia ndiyo daktari, lakini nyumbani akaona hapo hakuna akili, nani amfunike mtoto jicho linaloona amwachie bovu, na siku ya kwanza mtoto alijigonga mlangoni akalia, basi kesho yake Dani akakihamishia kibandiko jicho la kushoto, akaendelea hivyo mwaka mzima, na kila walipokwenda kliniki alikirudisha la kulia wakiwa njiani.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapa Tarime kuanzia 2001 hadi 2007, akamaliza kidato cha nne 2011 na cha sita 2014, akaenda chuo kikuu Dar es Salaam kusomea kompyuta, na kuanzia 2018 akafundisha chuoni Mwanza, ambako alitengeneza mitandao ya neva ndani ya kompyuta, inayoiga jinsi macho mawili yanavyokandamizana ubongoni. Dani alipouliza hiyo ni kazi gani, alimwambia ni kama yeye na shangazi wakileta umbea kwa pamoja, Dani humsikiliza mwenye sauti kubwa, mwingine humwambia nyamaza, na anayenyamazishwa kila siku mwishowe haachiwi nafasi kabisa, japo mdomo anao.

Tarehe 19 Desemba 2020 alifunga ndoa na Ezra Simioni, askari wa wanyamapori kule Ikoma, na tarehe 2 Juni 2022 wakajaliwa binti, Gloria.

Likizo ya Agosti 2021 alimwonyesha Dani kwenye kompyuta mistari miwili, mmoja wa kila jicho, akaeleza kwamba akilifunga jicho lenye nguvu, lile dhaifu linapata sauti, na akilifunga dhaifu linanyamaza kabisa, kama lake. Kisha akauliza, "Dani, mimi mlinifunika lipi?" Dani alikuwa anachambua dagaa, hakuinua uso, akajibu, "Lile alilosema daktari, la kushoto."

Adero akaamini. Januari 2023, akizungumza na kina mama kanisani, alisifu vibandiko lakini akasema yeye aliharibiwa jicho na daktari aliyefunika lisilopaswa, hakutaja jina, ila Bomani ni ndogo, watu wakaacha kwenda kwa Dakta Kornelio, jirani yetu Beatrice, Mama Sheila, akamvua mwanawe kibandiko, na mwaka uliofuata mzee akafunga kliniki, na siku ile ya kanisani Dani alikuwa benchi la tatu, akaimba pambio na wenzake.

Julai 2025 marehemu aliugua figo, akalazwa Mwanza, Dani akakaa kando ya kitanda siku tisa za mwisho akitaka kumwambia ni jicho lipi daktari alilosema, na kila alipofungua mdomo alijikuta anauliza kama atakunywa uji kidogo, naye Adero alikunywa, maana hakupenda kumkatalia. Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, Dani akiwa ametoka kuosha kikombe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mwanza, walimu wenzake, na majirani mliobeba maturubai na kuni. Na wewe Dakta Kornelio, uliyekuja ukaketi nyuma, Dani anasema mbele ya jeneza hili kwamba hukukosea, aliyehamisha kibandiko ni yeye, aliyedanganya ni yeye, na haombi umsamehe leo, anaomba watu wajue. Na wewe Mama Sheila, Sheila ana miaka mitano, Adero alisema umri huo jicho bado linarudi, kwa hiyo mrudishe kwa daktari wa macho, na ukiambiwa funika zuri, funika zuri, atalia, atajigonga, mshike mkono, usihamishe.

Adero, hukuambiwa kwa wakati. Pumzika, mjukuu wetu, kwa amani.